Chuo cha Kiingereza, Ng'ambo ya Ziwa

Mimi shule niliiacha mapema. Baba alikufa, na mtoto wa kwanza hakai darasani wakati wadogo zake wana njaa. Kusoma nilijifunza hapa na pale, kwa katekista na kwa maandishi ya magunia. Kuandika nimejifunza kwa kuandika. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani haya ya vyuo niliyasoma mahali. Niliyaona kwa macho yangu, na niliyalipia kwa miguu yangu.

Miaka ile ya hamsini, ilipokuwa inaelekea kwisha, kazi yangu ilikuwa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nilinunua kwa wavuvi wa Lweba zikishakauka mchangani, nikafunga magunia juu ya baiskeli, nikasukuma. Watu wa siku hizi wakisikia baiskeli wanafikiri nilipanda. Baiskeli yenye magunia ya ndagala haipandwi. Unaisukuma kama ng'ombe mkaidi, na ukiteleza inakuangukia. Kutoka Baraka, kwetu kando ya ziwa, unapanda mlima wa Fizi, unalala kwa mtu, unashuka upande wa pili, unaendelea mpaka Lulimba kwenye kambi za dhahabu, ambako wachimbaji walikuwa na mshahara na hawakuwa na samaki. Unauza. Unarudi. Unaanza tena. Mgongo wangu ulianza kulalamika nikiwa bado kijana, na mimi sikuusikiliza.

Kwa kazi hiyo nilimjengea mama yetu nyumba ya matofali pale Baraka. Kwa kazi hiyo nilimsomesha mdogo wangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilikuwa na ndoto moja tu ya kwangu mwenyewe: kufungua duka dogo la ndagala karibu na soko, katika kibanda nilichokwisha kupatana na mwenyewe, nikae kwenye kiti, watu wa Lulimba waje kunitafuta mimi.

Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, alikuwa kitu kingine kabisa. Alipokuwa mdogo alichukuliwa na misioni ya Waprotestanti, kule mlimani upande wa Fizi, kuosha vyombo kwa bibi mmoja mzungu, mwalimu mzee, ambaye kwao walisema Kiingereza. Bibi yule alikuta mtoto anasoma maandishi ya makopo wakati wa kuyaosha. Akaanza kumfundisha. Baadaye misioni ikampeleka sekondari, huko Bukavu, akasoma kwa Kifaransa kama wengine wote, mimi nikitoa nguo na nauli. Alimaliza vizuri. Akarudi nyumbani na cheti chake.

Alinikuta uani naziba tairi. Akachuchumaa karibu yangu, akashika pampu.

"Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wetu, "mi nataka kuendelea. Nataka kusomea Kiingereza."

"Kiingereza si unajua? Unakisema na yule bibi tangu ungali unakojoa kitandani."

Akacheka. "Kusema ni kitu moja, yaya. Mi nataka kusomea luga yenyewe, na bitabu bya batu balikiandika. Hadisi zao, mashairi yao. Namna balikuwa banafikiri."

"Na ukishajua namna balikuwa banafikiri, utakula nini?"

"Nitafundisha."

"Utafundisha nani? Hapa bote banakimbilia Kifaransa. Hata mbuzi za hapa zinataka kulia kwa Kifaransa."

"Ziba, yaya, hewa inatoka," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Hakubishana. Alingoja.

Nilipanda naye misioni kumwona bibi, maana mimi sinunui kitu bila kukiona. Bibi alitupa chai, akatueleza kwa Kiswahili chake cha polepole. Vyuo vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa Leopoldville, upande wa pili wa nchi. Kile kilikuwa tayari kumpokea kwa cheti chake, mradi afike kabla masomo hayajaanza. Lakini kule Kiingereza kilikuwa kitu cha pembeni, kimefungwa kamba moja na Kiflama, lugha nyingine ya Wabelgiji, na hata hicho Kiingereza kinafundishwa kwa Kifaransa. Cha pili kilikuwa Uganda, chini ya Waingereza, ambako kila kitu ni Kiingereza toka asubuhi.

"Wewe ungechagua kipi?" nilimuuliza.

"Kama ni mtoto wangu, Uganda," akasema bibi. "Lakini sijui wanataka nini mlangoni."

Nilishuka mlima nikijua jibu lipo kwa mjomba wetu, si kwa bibi.

Niwaeleze. Kwetu, wakati ule, mtoto hakutumwa mahali. Alitumwa kwa mtu. Ukisema naenda Uvira, hawakuulizi unaenda kufanya nini, wanakuuliza utakula kwa nani. Mtu asiye na wa kula naye huko aendako, hata kama anaenda kuwa mfalme, tulimhesabu kama amepotea. Na wa kuamua hilo, baba akiwa hayupo, ni kaka wa mama. Mjomba wetu alikuwa mvuvi wa Lweba, mtu mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na maji.

Alikuja Baraka, wakakaa na wazee wa ukoo nyumbani kwa mama. Mama alipika bugali na samaki mkubwa. Walipokwisha kula, mjomba akafuta mikono, akauliza:

"Leopoldville, tuko na nani?"

Hatukuwa na mtu.

"Uganda?"

Mzee mmoja akasema alisikia kuna mtu wa Ubwari alienda huko na Wahindi. Wakamuuliza jina lake, hakulijua. Mjomba akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Kigoma?"

Hapo wote wakasema pamoja. Kigoma! Kigoma tulikuwa na ndugu kabisa, mtu wa ukoo wetu aliyevuka ziwa toka ujana wake, akapata kazi bandarini, akajenga, akaoa, akawa mtu mkubwa. Kila aliyevuka alikula kwake.

"Basi," mjomba akasema. "Kigoma si ya Mwingereza?"

"Ni yake."

"Mwingereza anaweza kukaa mahali bila shule ya luga yake? Hapa Mubeleji iko na shule ya Kifaransa, hapana? Sasa munatafuta nini mbali? Mutoto anaenda Kigoma, anakula kwa ndugu yake, anasoma Kiingereza. Imekwisha."

Hoja yake ilikuwa na akili, ukiisikiliza ukiwa umeshiba. Hata mimi niliona ina akili. Kigoma ni karibu, ukipita ncha ya Ubwari ni kama umefika. Tena kwa ruhusa ya safari, bwana mkubwa wa serikali pale Fizi asingemruhusu kijana wa Kongo kwenda kusoma kwa Waingereza. Angeuliza Wabelgiji wamekukosea nini. Lakini kwenda kumtembelea ndugu, hiyo angeikubali. Na aliikubali.

Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, kichwa chini, kimya. Wazee wakamsifu. Walisema masomo hayakumharibu, bado ana heshima. Mjomba akachukua maji kinywani, akampulizia kifuani kumbariki, akamwambia aende, arudi, asisahau kwao. Mama akalia kidogo, akaenda kuosha vyombo.

Tulivuka na meli iliyokuja kuchukua pamba. Nilikwenda naye kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na mkubwa humkabidhi mtoto mkono kwa mkono. Tulikaa juu ya marobota ya pamba, jua kali, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa nasafiri bila kusukuma kitu. Nilitaka kulala tu.

"Yaya," akaniita.

"Sema."

"Nataka kukuambia kitu, lakini usinitupe ndani ya maji."

"Sema kwanza, nione."

"Kigoma hakuna chuo."

Niliinuka. "Namna gani hakuna?"

"Hakuna. Kuko shule ya batoto. Chuo ni Uganda, kama bibi alisema. Unafika Kigoma, unapanda treni, unapita Tabora, unafika ziwa lingine, unavuka."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza mbele ya mujomba? Mbele ya mama?"

"Yaya, nyinyi mulikuwa munatafuta mutu wa kunilisha. Mulichagua muzuri, sina neno. Chuo hakuna mutu aliniuliza. Basi nikakichagua mwenyewe. Kigoma iko njiani."

Nilimtazama. Nilitaka kumpiga kofi, na nilijua kwamba kati ya wale wazee wote, pamoja na mimi, hakuna aliyemshinda akili siku ile. Wote tulikuwa tumekula samaki.

"Wewe ni mubaya," nikamwambia.

"Ndiyo, yaya."

"Mubaya sana."

"Ndiyo."

Nikalala tena juu ya pamba. Sikupata usingizi.

Ndugu yetu wa Kigoma alitupokea kama watoto wa kiongozi. Alikuwa mnyapara wa wapagazi bandarini, mnene, na nyumba yake ilikuwa Ujiji, na alikwisha kuwa mtu wa kanzu na kofia. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, akafurahi kutucheka.

"Nyinyi Wabembe wa ng'ambo," alisema, "Kiswahili chenu kina mawe ndani. 'Iko, iko, iko.' Kila kitu iko!"

"Iko na shida gani?" nikamwambia, na mke wake akacheka mpaka akashika ukuta.

Alichinja kuku. Alimwita mdogo wangu mwanangu. Nilipomweleza habari ya chuo, hakushangaa. Akasema kesho atatupeleka kwa mwalimu mmoja wa shule ya mjini, mtu aliyesoma Uganda kwenyewe, atatueleza.

Mwalimu alikuwa Mwafrika, kijana kuliko mimi, kaptula nyeupe na soksi ndefu. Alitukaribisha kwenye benchi nje ya darasa, shule ilikuwa imefungwa. Akamwuliza mdogo wangu maswali kwa Kiingereza. Wakasema, wakasema. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu, akafungua katikati, akampa asome.

Mdogo wangu alisoma kwa sauti. Mimi sikuelewa hata neno. Nilikuwa nimekaa kati ya ndugu yetu na nguzo, natazama mikono yangu. Alipofika mahali fulani akasimama, akasema kitu kifupi, na mwalimu akaanza kucheka. Mdogo wangu naye akacheka. Mwalimu akachukua kitabu, akasoma mstari unaofuata, wakacheka tena, zaidi, kama watu wanaomjua jirani mmoja na vituko vyake.

Nilimjua mdogo wangu tangu alipozaliwa. Nimemwona akicheka na mama, na wenzake wa Baraka, na mimi. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia.

"Wanacheka nini?" ndugu yetu akaninong'oneza.

"Nitajua wapi?"

Mwalimu akafunga kitabu, akatugeukia sisi wakubwa, na uso wake ukabadilika.

"Huyu anakijua Kiingereza," akasema. "Lakini kuna tatizo. Chuo cha Uganda hakipokei cheti cha Kongo. Wanataka mtihani wao, ule wa mwisho wa sekondari ya huku. Hana budi arudi darasani, Tabora, aufanye. Miaka miwili. Halafu ndiyo aombe chuo, na huko ni miaka mingine."

Mdogo wangu alitazama chini. Hili hakulijua. Akili yake yote ya pale melini ilikuwa imefika hapo, ikagonga ukuta.

"Na wale wa Leopoldville?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Masomo yanaanza, yaya. Tukirudi na meli inayofuata, naweza kuwahi."

"Darasani Tabora atakaa na nani?" ndugu yetu akauliza.

"Na wavulana," mwalimu akasema. "Wadogo wake. Ni kweli, watamcheka. Mimi naenda Tabora na treni ya kesho kutwa. Nilisoma pale, mkuu wa shule ananijua. Mkiniachia, nitampeleka. Sitaki kuwadanganya kwamba watampokea. Nadhani watampokea."

Tukarudi Ujiji kwa miguu. Ndugu yetu alianza kusema kabla hatujatoka nje ya uwanja wa shule, na akasema njia nzima. Maneno yake yalikuwa mazuri. Alisema kijana ana ndevu, ana cheti, anajua Kifaransa na Kiingereza. Bandarini wanatafuta karani wa namna hiyo hata leo, kwa sababu ya meli za Kongo. Atakaa kwake. Atakula kwake. Atapata mshahara mwezi huu huu, na vitabu vya Kiingereza atasoma jioni, nani atamkataza?

"Na wewe," akaniambia, "utaacha kusukuma hiyo baiskeli. Nimeuona mgongo wako ulipokuwa unashuka melini. Unatembea kama mzee."

Nitasema ukweli. Maneno yale yaliniingia. Nililiona duka langu, na kiti changu. Nilimwona mdogo wangu anamtumia mama nguo kutoka Kigoma. Hakuna mtu angenilaumu. Mjomba angefurahi, wazee wangefurahi, na mimi ningelala.

Tulipofika, mdogo wangu alikaa ukingoni mwa baraza. Nikakaa karibu naye.

"Kuko njia tatu," nikamwambia. "Turudi, uende Leopoldville. Ubakie hapa bandarini. Ao uende Tabora ukae na batoto."

"Wewe unasema nini, yaya?"

"Mimi nimechoka. Nakuuliza wewe."

"Leopoldville watanifundisha habari ya Kiingereza," akasema polepole. "Hapa nitaandika mizigo kwa Kiingereza. Mi nataka kuwa ndani yake. Lakini nikienda Tabora, ni wewe utasukuma. Miaka hii miwili, na ile mingine nyuma yake. Hiyo siwezi kukuomba. Nilikudanganya mara moja, inatosha."

"Watakucheka, bale batoto."

"Bacheke. Mi nitakuwa nasoma."

Nikafikiria kicheko cha pale benchini. Sikumwambia. Nilisimama, mgongo ukalia, nikaingia ndani kwa ndugu yetu, nikamwambia kijana anakwenda Tabora na mwalimu.

Alikasirika kabisa. Kwake ilikuwa tusi. Mtoto wa ukoo amekuja nyumbani kwake, amepikiwa kuku, ameitwa mwana, halafu anakwenda kulala na watu wasiojulikana baba zao? "Kwa hiyo nyumba yangu haifai?" alisema. "Chakula changu kina nini?" Nilimwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, na mimi si mtu wa kuomba radhi. Hakukubali. Siku ya treni hakuja stesheni. Mke wake alikuja, peke yake, na viazi vya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Mdogo wangu alivipokea kwa mikono miwili, akapanda. Mwalimu alikuwa tayari ndani, anampisha nafasi dirishani. Treni ilipoanza kutembea walikuwa wameshaanza kusema Kiingereza chao.

Niliporudi Baraka, mjomba alikuwa ananingoja kwa mama. Habari hupita ziwa upesi kuliko meli. Alikuwa amesikia mtoto hayuko kwa ndugu yetu.

"Mwipwa wangu, iko wapi ule mutoto?"

"Tabora."

"Tabora tuko na nani?"

"Hatuna mutu, mujomba. Hata mumoja."

Nilisema hivyo hivyo, wima. Sikuona faida ya kuipamba.

Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alisema nimemtupa mtoto wa dada yake kama takataka. Alisema maji aliyompulizia anayachukua tena. Mama, ambaye alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaweka mchi chini.

"Utayachukua namna gani, kaka?" akauliza. "Yalikauka toka siku ile. Ao unataka kupanda treni umufute kifua?"

Watu wakacheka. Mjomba naye ilimshinda, mdomo wake ukacheza kidogo, lakini akageuka, akaenda zake Lweba bila kuaga. Ilimchukua muda mrefu kusema nami tena. Kwa muda huo hata ndagala aliniuzia kupitia mtu mwingine.

Mama akarudi kwenye kinu chake. Akaniuliza kama kule Tabora kuna baridi. Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama kijana alicheka wakati wa kuondoka. Nikamwambia ndiyo, alicheka.

"Basi ukalale," akasema. "Unaonekana mubaya."

Nililala mchana mzima, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nilipoamka nilitoka nikamkuta mtu wa soko, yule niliyekuwa nimepatana naye juu ya kile kibanda cha duka, anafagia mbele ya mlango wake. Nikamwambia kibanda ampe mtu mwingine. Aliniuliza kama nimepata kitu kizuri zaidi.

"Bado," nikamwambia, nikaenda kutazama tairi za baiskeli.